Uso Uliobaki Kampuni: Kisa cha Mchoraji wa Michezo ya Riwaya Nchini Japani

## Kabla ya kuanza

Bi. K. ni mchoraji wa Kijapani ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akiwapa sura wahusika wa michezo ya kompyuta. Nilikutana naye kikazi, mimi nikiwa mfasiri, aliponiletea mkataba wa kampuni ya nje akitaka kujua kifungu kimoja kinamnyima nini. Mazungumzo ya kifungu hicho yalizaa mengine. Mwishowe aliniruhusu niandike, mradi nifiche jina lake, jina la kampuni, majina ya michezo na mji. Miaka pia nimeitaja kwa jumla pale ambapo ingemtambulisha. Sheria, taratibu za kazi na mambo ya soko nimeyaacha kama yalivyo.

Ninawaandikia hasa vijana wanaochora wahusika kwa ajili ya wateja. Swali la kisa hiki ni moja: mtu aliyempa mhusika uso anabaki na nini mkononi siku anapotoka mlangoni kwa mwajiri wake?

## Usuli: kazi yenyewe ikoje

Mchezo wa riwaya husomwa zaidi ya kuchezwa. Nyuma kuna mandhari, mbele yake amesimama mhusika, na chini ya skrini kuna kisanduku cha maneno. Msomaji anabofya, hadithi inasonga, na hapa na pale anachagua njia ya kufuata. Jina la aina hii ya mchezo lilianza na kampuni ya Leaf, iliyolitumia kwa mfululizo wake kuanzia mwaka 1996. Kabla ya hapo kompyuta iliyotawala Japani ilikuwa PC-98 ya kampuni ya NEC, ambayo kwa kawaida ilionyesha rangi 16 tu kwa wakati mmoja, zikichaguliwa kati ya 4,096. Wachoraji wa zama hizo walipaka nukta kwa nukta. Bi. K. aliingia kazini Windows ikiwa imeshaondoa mpaka huo, lakini waliomfundisha walikuwa watu wa nukta, na hadi leo yeye hutumia rangi chache kuliko wenzake.

Kazi ya picha hugawanywa. Mbunifu wa wahusika huamua sura, nywele, mavazi na namna ya kusimama. Mchoraji wa genga, yaani mistari ya awali, huchora kila picha kwa mistari mitupu. Baada yake huja wapaka rangi, ambao katika mchezo mkubwa huwa kadhaa. Mara nyingi mbunifu na mchoraji wa genga ni mtu mmoja, na jina lake ndilo linalouza boksi. Pale Akihabara, mtaa wa Tokyo wenye maduka mengi ya michezo hii, katika miaka ya 2000, maduka yalishindana kwa zawadi: ukinunua hapa unapata kadi ya kupigia simu za umma yenye picha mpya ya mhusika huyu, ukinunua pale unapata ya mwenzake. Walikuwepo mashabiki walionunua mchezo uleule mara tatu ili kadi zote zitimie. Kadi hizo aghalabu hazikupigiwa simu. Zilitunzwa kwenye albamu.

Nitakaa kidogo kwenye picha za kusimama, yaani zile za mhusika anayesimama mbele ya mandhari, maana humo ndimo kisa kilimoanzia. Bi. K. alinichorea mfano nyuma ya risiti ya kahawa. Mwili mmoja, akasema, lazima utumike mhusika akiwa na hasira, akicheka, akiomba radhi. Kwa hiyo mikono haifungwi kifuani wala haitanuliwi sana. Unatafuta mkao ambao hausemi lolote kwa nguvu. Uso huchorwa kwenye matabaka ya pembeni: nyusi peke yake, macho peke yake, mdomo peke yake, kisha vinaunganishwa kupata sura kumi na tano au zaidi juu ya mwili uleule. Nyusi zinapita juu ya nywele, hata kama katika maisha ya kawaida nywele zingezifunika, kwa sababu bila nyusi msomaji haoni hasira.

Halafu akachora kibanio cha nywele upande wa kushoto wa kichwa. "Hapa ndipo nilipokosea mara ya kwanza," akasema. Wahusika wawili wakisimama wakitazamana, programu humgeuza mmoja wao kama kwenye kioo. Kibanio kinarukia kulia. Akigeuzwa tena kinarudi kushoto. Msomaji makini anaona, na akishaona hawezi kuacha kuona. Dawa ni mbili: umchore mhusika mara mbili, gharama mara mbili, au tangu mwanzo ubuni kichwa kisichotofautiana kushoto na kulia. Katika mchezo wake wa kwanza kama mbunifu hakuna aliyemwambia.

## Yaliyotokea

Mwishoni mwa miaka ya 1990 Bi. K. alikuwa akiuza vijitabu vyake mwenyewe Comiket, soko la wachapishaji binafsi lililoanza Desemba 1975 na ambalo tangu 1996 hufanyika katika kumbi za Tokyo Big Sight, kiangazi na mwisho wa mwaka. Alikuwa na meza yake na jina lake la kalamu. Soko hilo limewatoa wengi: kundi la Type-Moon liliuza mchezo wake hapo Desemba 2000 likiwa bado la wapenzi wa sanaa tu, na baadaye likawa kampuni. Mtu mmoja wa studio ndogo alinunua kijitabu cha Bi. K., akarudi saa moja baadaye na kadi yake ya kazi.

Alianza kama mpaka rangi. Katika mchezo wa tatu mchoraji mkuu aliondoka ghafla, na Bi. K. akapewa nafasi yake. Alibuni wasichana watano na kuchora karibu picha 90 za matukio, ukiacha zile zinazobadilishwa kidogo tu. Alichora kwa penseli kwenye karatasi, zikapigwa skani, zikapakwa rangi, zikapunguzwa hadi pikseli 800 kwa 600 kama soko la siku hizo lilivyotaka. Mchezo ulipendwa. Studio ikaishi.

Tatizo likawa wapaka rangi. Kila mmoja alikuwa na mkono wake, na nyuso zilianza kutofautiana: msichana yuleyule akawa na miaka kumi na minne kwenye picha hii, ishirini kwenye ile. Msimamizi akamwomba aandike mwongozo. Akauandika kwa wiki mbili, kurasa 14: nafasi kati ya jicho na jicho, unene wa mstari wa kope ya juu, nuru ya jicho ikae juu kushoto hata kama jua liko upande mwingine, pua iwe nukta moja. Aliniambia alijivunia kurasa hizo kuliko mchezo wenyewe.

Miaka miwili baadaye kifundo cha mkono wake wa kulia kikaanza kuuma. Kano zilikuwa zimevimba, maradhi yanayojulikana sana miongoni mwa wachoraji wa Japani. Daktari akasema apumzike. Tarehe ya kukabidhi mchezo ikasema vingine. Alifunga banzi mchana na kulivua usiku ili achore. Kampuni, kwa nia ya kumpunguzia mzigo, iliwapa vijana wawili wahusika wa pembeni pamoja na ule mwongozo. Mchezo ulipotoka, mashabiki hawakujua ni uso upi wake na upi wa vijana.

"Siku ya kwanza nilishusha pumzi," alisema. "Siku ya pili nikaogopa."

Aliomba mambo mawili: picha chache zaidi kwa mchezo, au fungu dogo la mauzo. Yote mawili yalikataliwa kwa adabu. Akaacha kazi.

## Maamuzi, na kwa nini aliyafanya

Uamuzi wa kuandika mwongozo ulikuwa wa haraka. Kulikuwa na mchezo unaochelewa, na studio ndogo inaweza kufa kwa kuchelewa mara moja tu. Hakufikiria kwamba anaandika njia ya kufanya kazi bila yeye. Angewezaje? Alikuwa na miaka ishirini na kitu, na alichotaka ni nyuso zisiharibike.

Uamuzi wa jina ulikuwa wa makusudi. Kampuni ilipendelea wachoraji watumie jina la pamoja. Bi. K. alikataa, alitaka jina lake la Comiket liandikwe mwisho wa mchezo, lilelile, kwa herufi zilezile. Ndilo jambo pekee alilolisimamia katika miaka yote ya ajira, na hakuwa na hoja ya kisheria. Alisema tu kwamba waliomjua kwenye ile meza wamwone.

Uamuzi wa tatu karibu usingekuwa uamuzi. Wiki chache kabla hajaondoka, ofisi ilikuwa ikihamia ghorofa nyingine na makaratasi yakawekwa kwenye mifuko ya taka. Ndani yake mlikuwa na genga za mchezo wa tatu, karatasi kwa karatasi. Alimwendea mkuu wake akaomba azichukue. Mkuu akasema chukua. Bi. K. akamwomba aiandike ruhusa hiyo kwa barua pepe, kwa kuwa alizoea kuandikiana kila kitu na mkuu huyo asiyekumbuka mambo. Barua ilikuwa na mistari miwili. Karatasi zikaingia kwenye boksi la machungwa ya mikan, na boksi likaenda kukaa kabatini nyumbani kwa wazazi wake.

Alipojitegemea alianza kuitwa "sensei", yaani mwalimu. Akiwa mwajiriwa aliitwa kwa jina la ukoo na "-san", kama kila mtu. Heshima ilipanda siku ileile mshahara wa mwezi ulipokatika. Malipo yalikuja yakiwa yameshakatwa kodi ya asilimia 10 hivi na mteja, utaratibu wa kawaida kwa kazi za uchoraji Japani, na hakuwa ameuingiza kwenye hesabu zake za pango. Akiwa na wasiwasi huo alisaini mikataba mitatu ya michezo ya simu bila kuisoma hadi mwisho.

## Mikataba ilisema nini

Hapa inabidi tuisome sheria ya hakimiliki ya Japani, maana bila hiyo kisa hakieleweki.

Kwa kifungu cha 15, kazi inayobuniwa na mwajiriwa katika majukumu yake, kwa mpango wa kampuni, ikatolewa kwa jina la kampuni, na mkataba wa ajira usiposema vingine, mtunzi wake kisheria ni kampuni yenyewe. Si kwamba kampuni inanunua haki kutoka kwa mchoraji; mchoraji hakuwahi kuwa nayo. Wale wasichana watano hawakuwa wake hata siku moja.

Kwa mchoraji wa kujitegemea mambo hubadilika. Yeye ni mtunzi tangu mstari wa kwanza, na haki inahama tu akiihamisha. Tena kifungu cha 61 kinamlinda: mkataba ukisema "haki zote" bila kutaja waziwazi haki za kifungu cha 27 na cha 28, yaani haki za kuibadilisha kazi na za kunufaika na kilichotokana nayo, sheria inachukulia kwamba hizo zimebaki kwake. Kwa hiyo wanasheria wa kampuni huzitaja kwa namba. Haki za kimaadili, kama vile jina lako litajwe na kazi yako isiharibiwe, haziuziki kabisa kwa kifungu cha 59. Kwa hiyo mikataba huongeza ahadi kwamba mchoraji hatazitumia.

Mikataba yake mitatu ilikuwa na namba zote mbili na ahadi hiyo. Kazi za majalada ya riwaya alizofanya wakati uleule zilikuwa tofauti: kwa kawaida wachapishaji wa vitabu humwachia mchoraji hakimiliki na kuomba ruhusa ya kutumia. Mkono uleule, mwezi uleule, kalamu ileile, na tofauti yote ilikuwa kwenye karatasi ambazo hakuzisoma.

## Matokeo

Miaka miwili baada ya kuondoka, kampuni ilitangaza mwendelezo wa mchezo wa tatu. Wasichana walewale, wamekua kidogo, wamechorwa na wale vijana wawili kwa mwongozo wa kurasa 14. Jina la Bi. K. liliwekwa kama mtoa wazo la awali la wahusika, cheo kinachotumika sana katika tasnia hiyo. Salamu za pongezi zikamfikia kwa picha ambazo hakuzigusa. Baadhi ya mashabiki walimsifu kwamba mkono wake umepona.

Majira ya baridi yaliyofuata alitaka kuuza Comiket kijitabu cha michoro mipya ya wasichana hao. Kampuni ilikuwa na kanuni iliyowaruhusu mashabiki kufanya hivyo kwa idadi ndogo ya nakala. Yeye aliuliza kwanza, kwa adabu. Akajibiwa kwamba kanuni hiyo haimhusu, kwa kuwa watu wangedhani ni bidhaa rasmi. Awe anaomba kibali kila mara. Kibali cha mara hiyo hakikutolewa. Siku ya soko alikaa kwenye meza yake na kijitabu cha maua na paka. Meza ya tatu kutoka kwake, kijana asiyemjua alikuwa akiuza wasichana wake watano. Bi. K. alinunua nakala moja. Ananiambia zilikuwa picha nzuri.

Baada ya hapo alibadilika. Alipunguza kazi hadi ile ambayo mkono wake ungeweza kubeba, na kwa kila mkataba mpya akawa anaomba mambo yaleyale: jina litajwe, aruhusiwe kuonyesha picha kama sampuli baada ya mchezo kutoka, marudio ya kusahihisha yawe na kikomo, na picha zikihitaji kuchorwa upya au mwendelezo ukija, aulizwe yeye kwanza. Mteja mmoja wa michezo ya simu alikataa yote, wakaachana. Wengi walikubali mawili au matatu. Haki kamili hakuipata kwa yeyote katika upande wa michezo, na hakuitarajia.

Kuanzia mwaka 2016 ulipozuka mtindo wa watangazaji wa video wanaoonekana kwa sura ya mhusika wa kuchorwa, alipata kazi mpya. Mchoraji anayebuni sura ya mtangazaji kama huyo Wajapani humwita "mama", neno lilelile la kwetu. Bi. K. ana watoto watatu wa namna hiyo. Mmoja humtumia salamu hadharani kila siku ya kuzaliwa ya mhusika. Baada ya miaka ya kuonekana mtoa wazo tu, jambo hilo lilimgusa kuliko malipo.

Kisha, miaka michache iliyopita, kampuni ya zamani ilimpigia simu. Walitaka kuutoa upya mchezo wa tatu kwa pikseli 1920 kwa 1080. Picha za zamani zilikuwa na pikseli 480,000 kila moja. Skrini mpya inataka zaidi ya milioni mbili. Ukizivuta, kope zinakuwa na meno kama ngazi. Faili kubwa za awali zilikuwa zimefutwa zamani, diski zikatumika kwa miradi mingine. Mtu mmoja mzee wa studio akakumbuka boksi la machungwa.

## Uchambuzi

Sidhani kampuni ilimdhulumu kisheria. Ilimlipa mshahara hata miezi ambayo hapakuwa na mchezo wa kuuza, na mwongozo uliandikwa saa za kazi. Lakini jibu la Comiket sikubaliani nalo hata leo. Kumnyima mbunifu kile alichoruhusiwa shabiki, kwa sababu tu yeye ndiye mbunifu, ni kumwadhibu kwa kazi yake njema.

Kosa lake kubwa naliona kwenye wakati. Alikuwa na nguvu ya kudai mara moja tu akiwa ndani: siku mchoraji mkuu alipoondoka na studio haikuwa na mtu mwingine. Siku ile angeweza kuomba fungu la mauzo, au hata kifungu kimoja kuhusu mwendelezo. Alisubiri mpaka mkono umeuma na mwongozo umeshawafundisha wengine, akaomba akiwa hana cha kuzuia. Mwenyewe anakubali. Mimi naongeza kwamba kijana wa miaka hiyo, aliyepewa kile alichokiota, mara chache hukumbuka kutaja bei.

Kuhusu mwongozo tulibishana. Nilisema ulimponza. Akasema hapana: bila mwongozo mchezo ungetoka na nyuso mbovu, jina lake lingeshikana na nyuso hizo, na asingepata kazi hata moja ya nje. Nimelifikiria, na nadhani yeye yuko sahihi zaidi kuliko mimi. Tatizo halikuwa kuandika. Tatizo lilikuwa kuandika bila jina lake kwenye kurasa hizo na bila makubaliano juu ya nani atazitumia na lini.

Jina la kalamu ndilo lililomwokoa. Wateja wa majalada walimtafuta kwa jina hilo, na hata cheo cha mtoa wazo, kilichomuuma, kiliwakumbusha watu chanzo cha nyuso zile. Kama angekubali jina la pamoja, angetoka mlangoni akiwa hajulikani.

Na zile karatasi. Umiliki wa karatasi na hakimiliki ni vitu viwili. Bi. K. hakuweza kuchapisha hata moja, lakini kampuni nayo isingeweza kuzipiga skani bila yeye kulifungua boksi. Ile barua pepe ya mistari miwili ilizima swali la nani mwenye mali kabla halijaulizwa. Safari hii alikaa mezani akiwa na kitu. Alipata malipo kwa kila picha, kitabu cha michoro chenye jina lake peke yake, na ruhusa ya maandishi ya kuuza vijitabu vya wasichana hao Comiket bila kuomba kila mara.

Tangu tarehe 1 Novemba 2024 Japani ina sheria ya wanaofanya kazi kwa kujitegemea: masharti ya kazi yaandikwe, malipo yafanyike ndani ya siku 60 tangu kazi kupokewa, na katika mikataba ya mwezi mmoja au zaidi mteja asimrudishe mtu kuchora upya bila kosa lake. Ingemsaidia Bi. K. katika miaka yake ya kwanza ya kujitegemea, hasa kwa wateja waliomrudisha mara tisa kwa malipo ya mara moja. Kwa miaka ya ajira isingemgusa, wala haisemi hakimiliki ni ya nani. Hilo bado linaamuliwa kwenye mkataba, kabla ya mstari wa kwanza.

Nilimtembelea wakati akichora upya picha za toleo jipya. Mkono una banzi laini, anafanya saa nne kwa siku, kisha anazima taa ya meza hata kama mstari haujaisha. Karatasi ya zamani imelala juu ya kioo chenye mwanga, na tepu yake imegeuka rangi ya chai. Alikuwa ameanza na msichana mwenye kibanio. Pembeni kulikuwa na karatasi mbili mpya, mwili uleule: kwenye ya kwanza ametazama kulia, kwenye ya pili ametazama kushoto, na kwenye zote mbili kibanio kiko upande wake wa kushoto.